Ukuta wa Punda Milia na Macho ya Mama Mkwe

Vijana wa ateliye yetu ya uchoraji, mmeniuliza mara nyingi ule ukuta wa shule ya masista kule Kampemba ulitoka wapi kichwani mwangu, nami kila mara niliwajibu kwa mzaha. Mmoja nilimwambia niliuota. Mwingine nilimwambia nilikaa porini miezi miwili nikila mizizi. Wa tatu nilimwambia ni kazi ya bia, na huyo ndiye peke yake aliyeniamini. Sasa nimeacha kazi. Magoti yaliacha kabla yangu, na ngazi nimemwachia yeyote anayetaka kuvunjika. Muda ninao, kwa hiyo nitawaambia ukweli, lakini mnivumilie, maana hauanzi na punda milia. Unaanza mtaani Kamalondo, kwenye simba mwenye sikio moja.

Nilijifunza kazi kwa Papa Faustin, mchoraji wa mabango, aliyekuwa na kibanda katikati ya mafundi cherehani. Siku ya kwanza nilifika nimevaa shati jeupe, nikidhani nitapewa burashi. Nilipewa kopo la mafuta ya taa na matambara. Mwezi mzima nilisafisha burashi za watu wengine. Papa Faustin alikuwa akizinusa jioni, moja baada ya nyingine, na akikuta harufu ya rangi ananirudishia bila kusema neno. Mwezi wa pili nilifundishwa kutayarisha kitambaa: unafumua mfuko wa unga, unaufua mpaka maandishi ya kiwanda yafifie, unaukaza kwenye mbao kwa misumari, kisha unaupaka rangi nyeupe mara tatu. Nyinyi mnanunua kitambaa kilichokwisha kutayarishwa, na siwalaumu, ila hamjui raha ya kuchora tembo ambaye chini ya tumbo lake bado pameandikwa uzito wa unga.

Mwezi wa tatu nikafundishwa karo, njia ya kukuza picha kwa miraba. Unachukua uzi, unauchovya kwenye unga wa buluu ya kufulia nguo, mmoja anashika huku, mwingine kule, mnauvuta na kuuachia, pa! Mstari umenyooka. Ukishapiga mistari ya kulala na ya kusimama, ukuta wote ni miraba, na picha yako ndogo nayo ina miraba, basi unahamisha mraba kwa mraba. Hata asiyejua kuchora anaweza kuchora. Papa Faustin alisema hiyo ndiyo sifa ya karo, na mimi nilichelewa sana kujua kwamba ndiyo kasoro yake pia.

Maana picha yetu ndogo ilikuwa moja tu. Ilikuwa kalenda ya duka la vipuri vya magari, ya mwaka uliokwisha kusahaulika, yenye wanyama wa mbuga za mbali ambazo hakuna kati yetu aliyezikanyaga. Simba, tembo, twiga, punda milia. Wote walitazama kushoto. Karatasi ya simba ilikuwa imekunjwa kwenye kona na kumwagikiwa chai, kwa hiyo sikio lake la kulia halikuonekana. Basi simba wote tuliochora, kwenye baa, kwenye saluni, kwenye malori, walitazama kushoto na walikuwa na sikio moja. Miaka ilipita. Wanafunzi wetu walifungua vibanda vyao wakachora simba wa sikio moja, na wanafunzi wao vilevile. Siku moja mwenye baa alimletea Papa Faustin simba aliyechorwa na mtu mwingine, akiwa na masikio mawili, akauliza kama ni mgonjwa.

"Muntu anapendaka paka kile anajua," Papa Faustin aliniambia baadaye. "Usimuletee mambo mupya, atakukimbia."

Niliishi na neno hilo, kwamba mtu hupenda kile tu anachokijua, zaidi ya miaka thelathini. Nilichora vinyozi, masufuria, Bikira Maria, matairi. Nilimchorea mwenye bucha ng'ombe anayecheka, kwa sababu alisisitiza kwamba ng'ombe mwenye huzuni anafukuza wateja. Kibanda kikawa changu Papa Faustin alipofariki. Halafu zikaja mashine za kuchapisha mabango, na wateja wakapungua mpaka nikabaki na wale wanaotaka kuta. Mashine haiwezi kupanda ukuta.

Sasa niwaeleze jambo ambalo wengi wenu mnalijua kwa kusikia tu. Mke wangu Odette anatoka kaskazini, upande wa Mitwaba, na kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, hawaitani majina. Mama mkwe akikohoa njiani, wewe unapisha na kugeukia majani. Ukiwa na neno, unampa mke wako alipeleke, hata kama mama mwenyewe amesimama hatua tatu kutoka hapo na masikio yake ni mazima. Ni heshima, wala si chuki. Kuna namna ya kuiondoa, kwa zawadi na wazee kukaa pamoja, na watu wa mjini siku hizi wanaiondoa siku ileile ya harusi ili wapige picha. Mimi niliahirisha. Mama alikuwa mbali, mimi nilikuwa na kazi, na kusema kweli nilimwogopa.

Mume wake, Papa Banza, alikuwa mlinzi wa wanyama kwenye uwanda wa juu wa Upemba. Mama aliishi naye kambini miaka yote ya ndoa yao, akilima viazi kwenye baridi, akichota maji kwenye kijito kilekile walikokunywa punda milia. Papa Banza alipofariki, na njia za kule zilipojaa watu wenye bunduki, mama alishuka kwa ndugu zake, na mwishowe Odette akaenda kumchukua, akamleta kwetu Kasungami. Tulimpa chumba cha nyuma, chenye mlango wake. Nilijifunza kukohoa kabla ya kwenda bombani. Yeye naye alikohoa. Mgeni angedhani nyumba nzima ina kifua kikuu.

Mwaka huohuo Ma Sœur Godelieve, sista mkuu wa ile shule ya Kampemba, aliniita. Alikuwa na ukuta mrefu unaozunguka uwanja wa watoto, mchafu, na alitaka wanyama. Nilikwenda nyumbani, nikachora picha ndogo kwenye kitambaa cha unga: simba, tembo, punda milia, twiga katikati, mto wa buluu, majani ya kijani kibichi. Niliitundika uani ikauke. Mchana nikiwa ndani nilisikia mama akicheka. Odette aliniambia baadaye kwamba alikuwa ameileta picha mpaka inagusa pua yake.

"Odette," alisema kwa sauti ya kutosha kunifikia mimi, bukwe wake, "muulize bukwe, uyu girafe alikuya Upemba kufanya nini? Ni nani alimuita?"

Odette akaingia ndani. "Mama anauliza girafe alikuya kufanya nini Upemba."

"Nimesikia. Mwambie si Upemba. Ni pori tu."

"Anasema ni pori tu, mama."

"Pori tu haiko," mama akasema. "Kila pori iko na jina. Na simba yake, ile sikio ingine ilikulwa na nani?"

Nilikasirika, sifichi. Miaka yote ile, mji mzima una simba wangu, na mtu anayenipita akikohoa ananicheka uani kwangu. Siku kadhaa sikuigusa picha ile.

Kisha Odette alimpeleka mama kwa daktari wa macho. Walirudi mchana, na Odette hakuvua hata viatu, alikaa kwenye kiti cha jikoni akalia. Sukari ilikuwa imemla mama macho kwa nyuma. Kilichobaki hakingezidi msimu wa mvua, na pengine kisingeufikia. Mama hakulia. Alikuwa ameuliza swali moja tu njiani, kama kuna gari la kwenda juu kule.

"Nilimuambia haiwezekane, mama, barabara haiko, na bale bantu ba bunduki," Odette alinieleza. "Akasema, basi. Nilitaka paka kuona kule mara moja tena. Kisha ikifunga, ifunge."

Niliiondoa picha ya twiga msumarini. Nilichukua kitambaa kipya na, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, sikufungua kalenda. Nilimwomba Odette amuulize mama kule kulikuwaje. Nikachora nilichoambiwa, kilima, majani, punda milia sita, nikamtumia. Mama alikishika kitambaa, akakigeuza juu, chini, akakirudisha. Alisema anaona rangi ya muhogo. Mpwa wa Odette akamwonyesha picha kwenye simu, akaona taa tu.

Hapo ndipo walipoingia kuku. Sisi wachora mabango tuna elimu moja ambayo wachoraji wakubwa hawana: tunajua herufi iwe na urefu gani ili mtu aliye ng'ambo ya barabara aisome. Nikawaza, macho ya mama ni barabara pana tu. Nilichora kuku kwenye ukuta wa uani, saizi ya kuku. Nikaingia ndani, Odette akamwita mama.

"Ni nini, mama?"

"Ni dowa."

Nikachora wa pili, saizi ya mbuzi. Akasema ni kikapu. Wa tatu akasema ni kikapu kilekile, kimejaa zaidi. Mbele ya wa nne mama alisimama muda mrefu, akasema ni mawingu. Wa tano nilimchora mkubwa kama ndama, mweusi na mweupe, mistari minene kama mkono wangu. Nilikuwa nyuma ya pazia, kama kijana anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Iko kuku," mama alisema. "Tena mutetea. Muambie bukwe mukia yake haiko ya jogoo, asichanganye."

Sasa mmejua. Watu wamesema mengi kuhusu ukubwa wa ule ukuta. Mwalimu mmoja alieleza wageni, mimi nikisikia, kwamba ukubwa wa wanyama unaonyesha udogo wa binadamu mbele ya maumbile. Nilinyamaza, maana alikuwa amevaa tai. Ukubwa wa punda milia wale nilipimiwa na kuku. Nilifanya hesabu ya kuku kwa punda, nikaona kwamba ili mama aone kundi zima na kilima chake, nahitaji ukuta mrefu kuliko nyumba yetu mara nyingi. Mjini kote nilikuwa nimepewa ukuta mmoja wa namna hiyo.

Nilikwenda kwa Ma Sœur Godelieve nikamwambia nimebadili mawazo: hakuna simba, hakuna tembo, kilima kimoja na punda milia. Alivua miwani.

"Papa Symphorien, shi tulisikilizana girafe. Batoto ba mwaka wa kwanza banapenda girafe."

Nilimwambia habari za sanaa. Nilimwambia siku hizi Ulaya wanapenda mnyama wa aina moja. Aliendelea kunitazama, na mimi si mwongo mzuri mbele ya kitambaa cheupe cha sista, kwa hiyo nikamwambia habari za mama, na kuku, na mvua. Alivaa miwani yake tena.

"Ungesema ile mbele ya yote," alisema. "Lakini girafe nitapata wapi?"

Tulikubaliana. Twiga yuko kwenye mlango wa choo cha walimu mpaka leo, anatazama kushoto.

Tulianza katikati ya kiangazi. Nilikwangua ukuta, nikaupiga msasa, nikaupaka rangi nyeupe mara mbili, nikapiga karo kwa uzi wa buluu. Kila asubuhi Odette alimleta mama kwa teksi, akamkalisha kwenye kiti katikati ya uwanja. Na hapo niligundua jambo ambalo lilinifanya nicheke peke yangu juu ya jukwaa. Kazi yetu ni ya kuwageuzia watu mgongo. Mimi naukabili ukuta, yeye yuko nyuma yangu, hakuna anayeona uso wa mwenzake, na heshima yote imekaa mahali pake. Odette alikaa kati yetu akichambua maharage.

"Muambie bukwe bazebre baache kupanga mustari kama basoda ba jeshi."

"Mama anasema..."

"Nimesikia."

"Usijibu mbele sijasema," Odette alisema. "Ni mimi njo natumwa."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza upya kazi niliyokuwa nimeizeekea. Nilijifunza kwamba kwenye kundi daima kuna mmoja anayetazama upande usiotazamwa na wengine, na huyo ndiye anayewalinda. Kwamba mistari inashuka mpaka chini ya tumbo. Kwamba mtoto wa punda milia ana manyoya ya kahawia, kama aliyelala kwenye vumbi. Kwamba katika mwezi wa saba majani ya kule ni makavu na meupe kama nywele za Mzungu mzee, na pale palipochomwa moto ni meusi, na kwenye ule weusi majani mapya yanatoka kwanza, kwa hiyo wanyama wanasimama pale. Nilikuwa nimeshusha ukungu kutoka mbinguni. "Apana," mama alisema. "Haitokake juu. Inapanda mu bonde, polepole, kama maziwa inataka kumwangika." Nikaufuta.

Kosa langu kubwa nililifanya kwa nia njema. Nilifikiri moyoni kwamba mama anamlilia mume wake, basi juu ya kilima, bila kuulizwa, nikachora msalaba mdogo. Sikuwa na uhakika kama atauona, kwa hiyo nikaukuza. Aliuona. Nyuma yangu maharage yalinyamaza.

"Muambie atoshe ule musalaba," mama alisema. "Banza hakufwia pale. Alikufwa mu hopitali, mu kitanda. Pale njo alikuwaka muzima."

Nilichukua rangi ya mbingu nikaufunika. Baadaye mama alisema, kama mtu anayeagiza chumvi, kwamba kama nataka kuweka kitu, niweke moshi. Nyuma ya kilima, upande wa kulia, mwembamba, ulionyooka, kwa sababu asubuhi hakuna upepo. Papa Banza alikuwa akiamka kwanza kuwasha moto. Mmeniuliza pia ule moshi ni wa nini, na nikawaambia ni wa wawindaji haramu. Mnisamehe.

Kitu kimoja sikumwambia Odette. Kila jioni walipoondoka, niliangalia alama za miguu ya kiti kwenye vumbi. Juma la kwanza kiti kilikuwa katikati ya uwanja. Juma la tatu kilikuwa kimesogea hatua nne mbele. Mama alikuwa anaomba asogezwe, kidogokidogo, na hakuna aliyelitaja. Nilianza kufika kazini kabla ya kengele.

Na haraka ilinifanya mpumbavu. Siku mama aliponirudisha kwa mara ya nne kwenye shingo ya punda milia yuleyule, niliweka burashi chini nikamwambia Odette, "Mwambie mama ukuta si mboga, hauongezwi chumvi kila siku." Sikungoja apeleke. Nilisema kwa sauti, nimewageuzia mgongo, lakini nilisema kwa mama moja kwa moja. Nilisikia kiti kikisogea, kisha hatua zao zikienda getini.

Hakuja siku tatu. Nilifanya kazi peke yangu, haraka, bila kusahihishwa, na siku ya tatu nilirudi nyuma nikautazama ukuta. Niliowachora peke yangu walikuwa wazuri sana. Walikuwa safi, wanang'aa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa hai. Punda milia watatu wa siku zile tatu walikuwa wanatazama kushoto. Mkono wangu ulikuwa umerudi kwenye kalenda bila kuniambia.

Mkwe aliyekosa analeta kuku. Nilinunua wa kweli safari hii, mtetea, nikampa Odette ampeleke chumba cha nyuma, na mimi nikakaa jikoni nikisubiri. Nilisikia kuku akilia, kisha mama.

"Uyu njo saizi ya kuku," alisema. "Muambie kesho tutaenda."

Kesho yake kiti kilisogezwa mpaka karibu na jukwaa. Nilisikia pumzi yake. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa kusini, na Ma Sœur alikuwa akija kila saa kutazama mbingu kana kwamba angeweza kuikemea. Niliwafuta wale watatu. Niliwachora upya, mama akinielekeza si kwa macho tena bali kwa kukumbuka: huyu anajikuna, huyu ana mimba, huyu ni yule mkorofi aliyewahi kumnyima njia kijitoni. Nilifanya kazi bila kubisha neno. Siku ya tano, kabla ya saa sita mchana, hapakuwa na mraba hata mmoja uliobaki.

Nilikaa juu ya jukwaa, uso kwenye ukuta, kwa sababu sikujua pa kwenda. Kwa mbali mama alikuwa haoni tena, na kwa karibu asingeweza kuona yote kwa pamoja. Basi alisimama. Odette alimshika mkono, na mama alitembea kuanzia pembe ya kushoto, uso wake hatua mbili kutoka kwenye rangi, polepole, ukuta mzima, kama mtu anayekagua shamba lake. Kwenye ukungu alisimama. Kwenye weusi wa moto alisimama. Mbele ya yule mkorofi alicheka kidogo kwa pua. Nilihesabu hatua zake kwa masikio. Alipofika kwenye moshi hatua zilikoma, nikaogopa macho yamefungwa palepale.

"Ni saa kumi na mbili na nusu," alisema.

Odette hakuelewa. "Apana mama, saa sita inakaribia."

"Apa," mama alisema. "Mu picha. Jua bado haiyafika ku kijito. Sasa hivi Banza ataniita ku uji." Kisha akavuta pumzi. "Nilifika."

Nililia, vijana wangu. Nilikuwa nimegeukia ukuta kwa hiyo hakuna aliyeona, nikafuta kwa kitambaa cha rangi, nikajipaka nyeusi shavu zima. Nilifikiri kazi imekwisha. Nilianza kukusanya burashi.

"Odette," mama alisema nyuma yangu. "Muambie bukwe ashuke. Muambie ageuke."

"Mama! Ile haifanyikake. Bazee habayakaa, hatuyatosha hata zawadi."

"Macho ni yangu. Inabakia kidogo. Minajua fasi ya kuitumia."

Odette aligeuka kwangu, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake ya kutumwa, alishindwa kurudia maneno. Haikuwa lazima. Nilishuka ngazi. Nilisimama mbele ya ukuta nikiwa nimeinamisha kichwa, kisha nikageuka.

Alikuwa mfupi kuliko kikohozi chake. Alisogea mpaka uso wake ukawa shubiri moja kutoka kwangu, akaniangalia kwa vipande: paji la uso, jicho moja, jicho la pili, masharubu, ile rangi nyeusi shavuni. Alifanya hivyo bila haraka, mraba kwa mraba. Sikujua niangalie wapi, basi nikamwangalia na mimi. Ana kovu kidevuni. Odette amerithi nyusi zake, na katika ndoa yetu yote sikuwa nimelijua hilo.

"Shi ulizeeka," mama aliniambia, mimi mwenyewe, bila mtu kati. "Odette aliniambia ni kijana njo alimuoa."

Mvua ilinyesha juma lililofuata. Kufikia Krismasi mama alikuwa anajua mchana na usiku tu, na sasa hata hayo hajui. Wazee walikaa, nilitoa nilichopaswa kutoa, kwa kuchelewa miaka yote ile, na siku hizi ananigombeza moja kwa moja kutoka upande wa pili wa meza. Watoto wa shule wamekwangua mguu wa punda milia mmoja kwa mipira yao. Mwende mkaurekebishe, mimi siwezi tena kuchuchumaa. Watu wengi wameutazama ukuta ule na wengine wamenipigia makofi. Lakini katika miaka yote ya kazi, nikiwa nimeupa mji mgongo, mtu mmoja tu aliniambia nigeuke ili anitazame, na alikuwa amebakiwa na macho machache sana, akayamalizia kwangu.